Mizani ya Pongwe

Saa kumi na moja kasorobo, Chumbageni bado giza,
namwamsha Nyapara.
Ndivyo tulivyomwita ofisini, kwa utani:
wakala asiye na kibanda wala mwavuli,
asiyeweka pesa wala kutoa,
akili unde tu, tunayoilipia kwa mwezi,
tukaipa cheo cha yule aliyemhesabia babu yangu
matita ya mkonge kule Kigombe,
akitia alama kwenye kipande
au akikataa kuitia.

Naandika: Majedwali yote yameamka?
Naye, bila kupiga miayo:
*Yapo arobaini na moja. Mazima arobaini na moja.
Maziwa ya Muheza yaliingia saa nne na dakika sita usiku.
Mkinga yalichelewa, umeme. Yakafika.
Korogwe, hakuna safu iliyopotea.*
Na kijani, kijani, skrini nzima kijani
kama uwanja wa Mkwakwani baada ya masika.

Kabla yake nilikuwa nafungua moja moja,
macho pima,
nikikagua nani kafa usiku, nani kapona.
Sasa nauliza tu. Nauliza, namimina chai,
na sukari haijayeyuka jibu limeshafika.
Raha. Sitasema uongo, ni raha.

Ila jana usingizi ulinikimbia,
nikauliza swali la kijinga, la mtu aliyechoka:
Pongwe. Nionyeshe lita, siku kwa siku.

412
412
412
412

Nyapara, mbona hukuniambia?
Akajibu kwa adabu yake ileile:
*Jedwali la Pongwe lilisasishwa kwa wakati.
Idadi ya safu ni sahihi. Hakuna kilicho tupu.
Uliniagiza niangalie kama yanapumua.
Hukuniagiza nisikilize yanasema nini.*

Nikaweka kikombe chini.
Ng'ombe hawajui kukubaliana hivyo.
Yule mmoja tu wa Mama Semkiwa
hubadili mawazo mara mbili kwa wiki,
mvua ikinyesha, mvua ikikataa.

Nikampigia Hoza, karani wa kituo.
Ikaita, ikakata, ikaita.
"Mizani imekufa, dada. Tangu Jumatatu.
Nilituma ujumbe," au alisema barua,
sikusikia vizuri, ndoo zilikuwa zinagongana nyuma yake.
"Nikiacha wazi, mfumo unawakataa. Safu tupu haina malipo.
Nikaona bora niandike ile ya mwisho niliyoiona kwa macho yangu.
Wapate hata ya chumvi."

Shairi likikosa mizani, watu husema ni la kisasa.
Maziwa yakikosa mizani, kuna mtoto atakosa daftari.

Na sheria ile ya safu tupu niliiandika mimi,
mchana mmoja wa joto la Machi, mistari mitatu,
nikajipongeza kwa soda
kwamba sasa hakuna kibovu kitakachopita.

Basi. Nikaandika upya.
Kwanza kwa fundi wa mizani, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
kisha kwa mkubwa, ambaye mpaka sasa hajajibu,
kisha kwa Nyapara:
Namba ikijirudia siku tatu, niamshe, hata saa nane.
Na karani akiandika *sijui*, mpokee.
Walipwe kwa makadirio,
na iwekwe alama mbele ya watu wote
kwamba hapa hatujui.

Pongwe ikageuka manjano,
ya kwanza tangu tuanze.
Sikuwahi kufurahia ugonjwa namna ile.

*Nimeelewa,* akasema. *Kuna kingine?*

Dirishani bodaboda wa kwanza alipita
na madumu mawili ya bati yakilia.
Kilikuwepo kingine, lakini hakina jedwali:
siku zile babu aliporudi na kipande kitupu,
viganja vimechanwa na miiba,
je, kulikuwa na mtu yeyote, ofisini,
aliyemgeukia nyapara akamwambia,
hebu nionyeshe, siku kwa siku?

Nikaandika: Hapana. Kwa leo hicho tu.